NGOMA ILIYOTULETEA UHURU ISINYAMAZISHWE

Jioni moja ya msimu wa korosho uliopita tulikuwa Mbesa, huku kwetu Ruvuma, katika mkutano wa tawi. Mambo ya kikao yalikwisha, kadi mpya zikagawiwa, michango ikahesabiwa, na kama ilivyo desturi akina mama wakaingia uwanjani na ngoma yao. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa kukisifu chama. Wa pili ulikuwa wa kuwasifu viongozi. Na sote tukapiga makofi. Wimbo wa tatu ulikuwa ni habari za mizani. Waliimba ya kuwa ipo mizani moja mlafi, ambayo kila ikipandishiwa gunia hula kwanza fungu lake, ndipo isome la mkulima. Mama mmoja alijifunga kanga mbili tumboni akawa ndiye mizani. Mwingine akajitwika gunia akawa ndiye mkulima. Na kila gunia liliposhushwa, mizani ilicheua kwa shibe. Watu walicheka hata wakashika mbavu.

Kabla wimbo haujafika mwisho, ndugu yetu mmoja mwenye cheo akasimama, akainua mkono, akasema ya kuwa huo ni uchochezi, na ya kuwa ngoma ya chama haiwezi kutumiwa kukisema chama. Ngoma ikanyamaza. Akina mama wakajitanda kanga zao, wakaenda zao bila ya kutamka neno. Sisi tuliokuwa tumeketi mezani tuliinamisha vichwa, na twakiri mbele ya wasomaji ya kuwa nasi pia hatukusema kitu. Makala haya ndiyo maneno tuliyopaswa kuyasema jioni ile.

Twauliza swali moja tu. Ndugu yule alipoinua mkono, alikuwa ameketi katika kiti cha nani? Maana katika nchi hii mkono wa kunyamazisha ngoma hatukuuona mara ya kwanza pale Mbesa. Tulikwisha kuuona zamani, na ulikuwa mkono wa mtawala aliyekuja kwa bunduki. Ili tujibu swali hilo, yafaa tukumbuke wazee wetu walipambana kwa njia gani na serikali ambazo hawakuzichagua wala hawakuweza kuziondoa kwa kura.

Tuanze na miche ya pamba. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba katika mashamba ya amri, kwa viboko na kwa ujira wa kudhihaki. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche michache. Mtu mgeni angeona uharibifu mdogo tu wa shamba. Lakini kila Mmatumbi alielewa: mche uliong'olewa ni neno, na neno lenyewe lilikuwa “Hatutaki.” Hawakuwa na gazeti, hawakuwa na baraza la kutunga sheria, hawakuwa na wakili. Walikuwa na mche wa pamba, wakaufanya useme. Na kabla ya hapo habari ya maji ilikuwa imekwisha kupita nyumba kwa nyumba kwa mnong'ono, hata wenyewe wakaupa mnong'ono huo jina lake, njwiywila. Na Mjerumani pamoja na maakida wake wote hakuweza kuukamata.

Sisi wa Ruvuma twajua vita vile vilikwishaje. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi wa Kingoni walinyongwa Songea, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye akanyongwa mwaka ule ule. Mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wanahistoria wanaokadiria kidogo husema walikufa watu 75,000; wengine husema hata 300,000. Twayakumbusha haya makusudi, ili asiwepo kijana wa kudhani ya kuwa twaandika habari za mchezo. Ishara ya miche ile ilikuwa na nguvu; lakini mtawala mwenye bunduki ya mzinga, akiona ishara imegeuka kuwa vita, hupata kisingizio alichokuwa akikitafuta. Wazee waliofuata walijifunza somo hilo. Waliacha kumpa mtawala vita anayoiweza, wakampa jambo asiloliweza.

Jambo hilo lilikuwa ni kumcheka, kumwimba, na kumkatalia bila ya kumgusa.

Chukueni ngoma ya beni. Ilianzia pwani, ikaenea bara nzima katika zama za vita kuu vya kwanza na baadaye, ikafika hata kwa Wayao na kandokando ya Ziwa Nyasa. Vijana walivaa sare, wakapiga matarumbeta, wakapeana vyeo: huyu mfalme, huyu jemadari, huyu daktari. Wazungu wengine waliona ni kuiga tu. Wengine wakaingiwa na wasiwasi, wasijue kama wanasifiwa au wanadhihakiwa. Na hapo ndipo palipokuwa na utamu wake. Mtu aliyelazimishwa kumpigia saluti mzungu mchana kutwa, jioni aliweza kumpigia saluti mwenzake mweusi katika beni, na kwa kufanya hivyo akajua ya kuwa cheo ni nguo. Anayeivaa leo aweza kuivua kesho. Ng'ambo ya Mto Ruvuma, katika Msumbiji ya Wareno, Wamakonde walichonga barakoa za mapiko zenye sura ya mzungu mtawala, zikacheza mbele ya kijiji kizima. Mreno angemfunga nani? Mti?

Unguja, Siti binti Saad aliyezaliwa mwaka 1880 katika umaskini alipanda hata mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Tunapomtaja, wengi hukumbuka sauti yake tamu na kusahau alichokiimba. Wimbo wake mmoja, “Kijiti,” ulikuwa na kisa cha mwanamke aliyeuawa. Mwuaji akatoroka, na mahakama ikawageukia wanawake waliofika kutoa ushahidi ikawatia hatiani. Mahakama ilikuwa imefunga faili. Wimbo ukalifungua tena kila santuri ilipozungushwa, katika vibaraza vya Ng'ambo na katika miji ya pwani nzima. Hakimu alikuwa na muhuri wa serikali. Siti alikuwa na sauti. Leo ni watu wangapi wanaolijua jina la hakimu yule?

Kwa Wagiriama, mwaka 1913, Mekatilili wa Menza alikwenda kijiji kwa kijiji akicheza ngoma ya kifudu. Ilikuwa ngoma ya mazishi, na watu hawakuweza kuizuia miguu yao isimfuate. Kila alipokusanya watu kwa ngoma ndipo akawaambia wasitoe vijana wao kwa kazi za Mwingereza na wasilipe kodi. Alikamatwa, akapelekwa mbali magharibi ya Kenya. Akatoroka akarudi kwao kwa miguu. Mwingereza alikuwa amejifunza jinsi ya kumfunga mwanamke, lakini hakujifunza jinsi ya kuifunga ngoma.

Sasa tuje nyumbani kwenye chama. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, serikali ya Gavana Twining ilikwisha kuweka sheria ya kuandikisha vyama, na tawi lisiloandikishwa lilikuwa ni kosa. Usukumani TANU ilikatazwa kwa miaka. Mwaka 1957 Mwalimu Nyerere alipigwa marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa maneno yaliyochapishwa katika “Sauti ya TANU” juu ya mabwana shauri wawili, akahukumiwa faini ya shilingi 3,000 au kifungo cha miezi sita. Gazeti lina mhariri, na mhariri ana anwani. Kwa hiyo polisi hujua pa kwenda. Mkutano una kibali, na kibali hufutwa. Basi maneno yalipita wapi?

Yalipita kwa akina mama. Mwezi wa Juni 1955 mgeni kutoka chama cha Leba cha Uingereza, Bwana John Hatch, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi. Jibu lilikuwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba mjini Dar es Salaam. Hakwenda kutafuta wenye shahada, walikuwa hawapo. Alikwenda kwa viongozi wa ngoma, wale wa lelemama na wengineo, ambao kila mmoja alikuwa na wanawake wake, na desturi zao, na mfuko wao wa kusaidiana. Kufika Oktoba mwaka ule ule, wanawake 5,000 walikuwa wamejiandikisha. Hapakuwa na sheria ya kumtaka mwanamke aombe kibali cha kwenda kwa jirani yake mwenye msiba au mwenye harusi. Bwana Shauri alisikia ngoma usiku akageukia upande wa pili akalala, asijue ya kuwa nchi inaondoka mikononi mwake kwa mdundo ule ule uliokuwa ukimbembeleza.

Ndiyo maana twasema, bila ya kutia chumvi, ya kuwa uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 uliletwa na hotuba za Umoja wa Mataifa na uliletwa na ngoma pia. Mwenye kuikumbuka hotuba peke yake amesahau nusu ya chama.

Wasomaji watatuuliza: njia hizi za kucheza na kuimba zina nguvu gani hasa, hata serikali zenye majeshi ziziogope? Sisi twaona sababu tatu.

Ya kwanza, kila mtu hupata nafasi. Bunduki huhitaji kijana mwenye nguvu. Hotuba huhitaji mtu mwenye elimu. Bali wimbo waweza kuitikiwa na bibi kikongwe, na mtoto, na mtu asiyejua herufi. Nguvu ya watu ni wingi wao, na njia isiyoweza kuwachukua wengi haiwezi kuwa silaha ya wanyonge.

Ya pili, humtia mtawala mtegoni. Akimwadhibu mwimbaji huonekana mjinga. Akinyamaza wimbo huenea. Mwaka 1982 katika mji wa Świdnik nchini Poland, serikali ilipokuwa imeweka amri za kijeshi, wananchi walichoshwa na uongo wa habari za televisheni. Basi saa ya habari ilipofika walitoka wote wakaenda kutembea barabarani, wengine wakiwa wamezipakia televisheni zao kwenye vigari vya watoto. Serikali ikalazimika kurudisha nyuma saa ya kuwafungia watu ndani, na kwa kufanya hivyo ikaitangazia nchi nzima ya kuwa imewaogopa watu wanaotembea. Na mwaka 2011, hapa jirani Uganda, bei za mafuta na chakula zilipopanda, wapinzani walitangaza ya kuwa wataacha magari yao na kwenda kazini kwa miguu. Polisi wakawakamata. Ulimwengu ukauliza: ni sheria gani inayomkataza mtu kwenda kazini kwa miguu yake mwenyewe? Jibu halikupatikana hata leo.

Ya tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote, wimbo humfundisha kila mtu ya kuwa hayuko peke yake. Chini ya utawala wa mabavu kila mtu huujua uovu, lakini kila mmoja hudhani jirani yake ameuridhia. Hofu hukaa hapo, katika ukimya baina ya nyumba na nyumba. Wimbo ukiimbwa na watu mia wakaitikia, kila mmoja husikia sauti ya mwenzake. Siku hiyo hofu hupungua, na hairudi tena kama ilivyokuwa. Ndiyo maana pale Mbesa tulisikia kicheko kikubwa namna ile. Mizani yenyewe kila mkulima alikuwa akiijua tangu zamani. Watu walicheka kwa sababu kila mmoja alikuwa amedhani ni yeye pekee aliyeliwa kilo zake.

Sasa, ndugu zetu, tufike mahali penye uchungu. Ni rahisi kumsifu aliyemwimba Mjerumani na Mwingereza. Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu. Lakini baada ya bendera za wakoloni kushushwa, nyimbo hazikwisha, wala mikono ya kuzinyamazisha haikwisha.

Katika kijiji cha Kamiriithu, Limuru, nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi walijenga jukwaa kwa mikono yao, na mwaka 1977 wakaigiza mchezo “Ngaahika Ndeenda,” uliotungwa na hayati Ngũgĩ wa Thiong'o pamoja na Ngũgĩ wa Mirii kwa lugha ya wenyeji, juu ya mnyonge anayenyang'anywa ardhi yake. Kibali cha mchezo kilifutwa mwezi wa Novemba mwaka ule, na tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa humo karibu mwaka mzima bila ya kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Serikali iliyofanya haya ilikuwa ya Waafrika, ya watu ambao wengine wao walikwisha kukaa katika vizuizi vya Mwingereza. Kumbe mtu aweza kutoka kizuizini na funguo za kizuizi mfukoni mwake!

Na huko huko Kenya, tarehe 28 Februari 1992, akina mama ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikwenda kuketi katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, wakafunga kula, pamoja na hayati Wangari Maathai. Hawakurusha jiwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwavamia kwa virungu na moshi wa machozi. Wazee wale wa kike wakazivua nguo zao mbele ya askari. Kila Mwafrika aliyelelewa ajua maana yake: mama akimvulia nguo mwanawe kwa hasira, ni laana. Askari wenye silaha waligeuza nyuso zao. Akina mama wakahamia katika kanisa la Watakatifu Wote wakaendelea kudai karibu mwaka mzima, na mapema mwaka 1993 karibu watoto wao wote walikuwa wamekwisha kufunguliwa. Twaomba msomaji atulie afikiri: ni aibu gani kubwa kwa serikali ya watu huru kuliko kulaaniwa na mama zake?

Wako watakaosema, hayo ni ya majirani. Naam, lakini hapa hapa Ruvuma tuna la kwetu, na hatuna haki ya kulificha. Mwaka 1960 vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU walianza kijiji cha Litowa, wilayani Songea. Baada ya miaka michache vijiji vikawa zaidi ya kumi na tano, vimeungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kwa jasho lao wenyewe. Wakawa na shule yao, na mashine ya kusaga, na mashine ya kupasua mbao. Waliamua mambo yao katika mikutano yao, na amri ya mkubwa isiyowaingia akilini walithubutu kuikataa. Hawa hawakuandamana wala hawakuimba dhidi ya mtu. Maisha yao yenyewe ndiyo yaliyokuwa wimbo, na maneno yake yalikuwa haya: mwanakijiji aweza kujitawala. Mwalimu alikuwa akiwaunga mkono. Lakini wakubwa wengine wimbo huo haukuwapendeza, na tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama chao. Mashine zikachukuliwa, na vijiji vikasambaratika. Chama cha ukombozi kilinyamazisha ngoma iliyopigwa kwa mdundo wake chenyewe. Ni zaidi ya nusu karne sasa, na wazee wa huku wakilitaja jambo hilo hulitaja kwa sauti ya chini.

Hatusemi haya kwa kukichukia chama. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwaka 1962 Mwalimu aliandika kijitabu akakiita “Tujisahihishe,” na kijitabu hicho hakuwaandikia maadui, aliwaandikia wanachama. Chama kinachojisahihisha hakitishwi na wimbo wa mizani. Kinachotishwa ni kile kilichokwisha kujiona kimekamilika.

Tumesikia hoja za wale waliomtetea ndugu yetu wa Mbesa, nasi twazijibu moja moja kwa heshima.

Wasema ya kwanza: vikao vipo; mwenye malalamiko alete kikaoni. Vizuri. Lakini tuulizane kweli: katika kikao kilichopita, mama asiye na cheo alipewa zamu ya kusema mara ngapi? Na akisema habari ya mizani, yule mwenye mizani si ndiye aliyeketi karibu na mwenyekiti? Watu huanza kuimba mambo waliyokatazwa kuyasema. Wimbo ukiwa mkali sana, ni dalili ya kuwa mlango wa kikao umefungwa siku nyingi.

Wasema ya pili: adui atautumia wimbo huo. Twajibu: adui hawezi kuutumia wimbo wa mizani ikiwa mizani ni ya haki. Tengenezeni mizani, na wimbo utakufa wenyewe kwa kukosa maana. Mkiuacha ulafi wa mizani na kumnyamazisha mwimbaji, mmempa adui vitu viwili badala ya kimoja.

Wasema ya tatu: yako wapi mapaka, maana watu wengine huimba matusi na kuchochea kabila juu ya kabila au dini juu ya dini? Hapa twakubaliana nao nusu. Wimbo unaomtukana Mngoni kwa kuwa Mngoni, au Myao kwa kuwa Myao, au unaomtenga Mkristo na Mwislamu, huo si wimbo wa wanyonge. Ni silaha ya mkoloni iliyobaki ghalani. Wala hatutaki ngoma inayowatuma vijana kuchoma nyumba, maana twayajua majivu ya 1906. Lakini kuusema uovu wa mwenye cheo si kumtukana. Tofauti hiyo hata mtoto wa shule aijua. Sisi tuliopita chuo cha ualimu tulifundishwa ya kuwa darasa likicheka mwalimu akiwa ameupa mgongo ubao, asitafute fimbo kwanza. Ageuke aangalie ameandika nini.

Na kwa upande wa waimbaji nao tuna neno. Wimbo bila ya umoja nyuma yake ni kelele ya jioni moja. Bibi Titi hakuimba tu, aliandikisha. Mekatilili hakucheza tu. Aliwaambia watu la kufanya kesho yake. Wale akina mama wa Nairobi hawakulia tu. Walikuwa na majina ya wafungwa wao na dai moja lililo wazi, nao hawakuondoka mpaka lilipotimizwa. Kwa hiyo akina mama wa Mbesa wakiimba mizani, na waseme ni mizani ipi, na waandike kilo zilizopotea, na wawe tayari kusimama pamoja siku ya kupimwa. Kicheko hufungua mlango. Kuingia ni kwa miguu.

Basi twatoa shauri kwa matawi yote. Kwanza, ngoma inayoimbwa katika mkutano wa chama isisimamishwe na mtu yeyote kwa sababu imemtaja mwenye cheo. Anayetajwa naye ana haki ya kusimama na kujibu wimbo ukiisha. Pili, katibu wa tawi aandike katika daftari kila lalamiko lililoimbwa, kama anavyoandika lililosemwa kikaoni, na mkutano unaofuata uanze kwa kusoma limetendewaje. Tatu, penye malalamiko ya mizani, lisikaliwe shauri la wiki tatu. Uletwe uzito unaojulikana, upandishwe mbele ya wakulima wote, na kila mtu asome kwa macho yake. Nne, kiongozi atakayemwandama mwimbaji baada ya mkutano, kwa kumnyima haki yake au kumtisha, ahesabiwe ya kuwa amevunja masharti ya uanachama.

Haya si mambo makubwa, wala hayahitaji fedha. Yahitaji moyo tu, moyo ule ule uliomfanya mzee wetu mmoja kuishika kadi ya TANU na kuificha katika paa la makuti ili asifukuzwe kazi. Hakuificha kadi ile ili mjukuu wake afike siku ya kuogopa kuimba mbele ya chama chenyewe.

Tulianza kwa kuuliza ndugu yule aliketi katika kiti cha nani. Sasa twajibu: aliketi katika kiti cha Bwana Shauri, nasi tulioinamisha vichwa tulikuwa tumeketi katika viti vya maakida wake. Kiti hicho hakikuondoka na mzungu melini. Kingali kipo katika kila ofisi, na kila mmoja wetu, akichoka au akiogopa, aweza kukikalia bila ya kujua. Dawa yake ni moja: kukiacha kitupu, kila siku.

Sisi tutarudi Mbesa katika mkutano ujao. Tutasimama mbele ya watu wote tuwatake radhi akina mama wale, kisha tutawaomba warudi uwanjani wauimbe wimbo wa mizani tangu mwanzo, maana mwisho wake hatujausikia.

Uhuru na Umoja!